Kikohozi cha Baba Mkwe

Siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni ile ambayo baba mkwe wangu alianguka bafuni. Harusi yenyewe naikumbuka kwa viatu vilivyonibana na kwa njaa, basi. Lakini siku ile ya bafu naikumbuka yote, hata harufu ya sabuni.

Wewe hukutoka tumboni mwangu, lakini nakuita mwanangu, na nimekusudia kukusimulia tangu jana, uliponiambia kwamba shangazi zako wamekwisha kukufunza mila zote za huko unakoolewa, ukanitajia moja baada ya nyingine mpaka vidole vikakuishia. Mimi nilinyamaza, nawe ukadhani nimeridhika. Mimi ni mtu wa kujibu kesho yake, na mume wangu amelalamika juu ya hilo miaka yote ya ndoa yetu. Basi jibu langu ndilo hili, na usiwe na haraka, chai bado ipo.

Niliolewa Lumakanda, huko Lugari, miaka ya tisini ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza. Nililelewa Nakuru katika nyumba za kupanga, baba yangu akiwa fundi wa mabati. Sisi ni Waluhya kama Waluhya wengine, lakini Uluhya wetu ulikuwa wa Krismasi: tulipanda basi, tukala kuku, tukarudi mjini. Kwa hiyo nilipofika kwa mume wangu sikujua mila yoyote, na nilikuwa na umri ule ambao mtu asichokijua hukiona hakina maana.

Baba mkwe wangu, Mzee Kisia, alikuwa ametoka Maragoli akiwa kijana, kule ambako mashamba ni membamba hata ng'ombe wa jirani akigeuka mkia wake unaingia kwako. Akapata shamba Lugari, katika ardhi iliyokuwa ya mzungu. Alilipenda shamba lile waziwazi, bila kuona haya, na jioni alikaa mbele ya nyumba yake akiyatazama mahindi tu. Mke wake aliitwa Mama Rasoa. Wana wao wawili walikuwa wamejenga katika boma hilohilo: mkubwa na mke wake Rispa, halafu mume wangu na mimi.

Rispa ndiye aliyenifunza. Alikuwa mwanamke mwema, mwenye bidii, na alizijua mila za nyumba ile kama watoto wa kanisani wanavyozijua Amri Kumi. Baba mkwe hapewi mkono. Hukai naye kwenye benchi moja. Huli mbele yake. Humpiti kichwa wazi. Mkikutana njiani unaingia kwenye mahindi, apite kwanza. Chumba anacholala hukikanyagi. Naye kwa upande wake haingii jikoni kwenu, wala hakuombi chakula kwa kinywa chake, na akija upande wa nyumba zenu husimama kwanza kwenye ua akakohoa, ili ambaye hajajiweka sawa ajiweke sawa, na wa kuondoka aondoke.

Nilimwuliza sababu. Rispa akaniambia, "Ndivyo tunafanyanga," akaendelea kupepeta maharagwe. Sikuuliza tena. Tangu shuleni nilikuwa hodari wa kukariri, na mila zile hazikunichukua muda. Nikajiona sasa nimekuwa mtu wa pale. Moyoni, lakini, nilizicheka, na zaidi nilikicheka kikohozi. Mtu mzima mwenye mvi, hana mafua, anasimama kwenye ua anakohoa. Jioni nilimwigizia mume wangu kikohozi hicho, akajizuia, akashindwa, akacheka.

Basi siku ile ilikuwa wakati wa kuvuna. Wanaume walikuwa wameenda kukata mahindi upande wa mbali wa shamba, Mama Rasoa alikuwa sokoni na vitunguu vyake, na Mzee alibaki nyumbani kwa sababu ya mgongo. Bafu letu lilikuwa nyuma ya nyumba yake, miti minne iliyozungushiwa magunia, na mawe bapa ya kusimamia. Mimi na Rispa tulikuwa tunapukuchua mahindi. Tukasikia kishindo, kisha karai likibiringika, kisha mtu anaguna.

Rispa alifika kwanza, akasimama penye gunia la mlangoni. Aliita, "Baba, uko sawa?" na hakujibiwa ila kwa kuguna. Akaanza kupiga mayowe ya kuwaita wanaume. Alikimbia hadi kwenye ua, akaita majirani, akarudi, akaenda tena. Nikamwambia tuingie. Akanizuia kwa mikono miwili, akasema haiwezekani, hata kama anakufa, sisi hatuna ruhusa. Nataka ujue, mwanangu, kwamba alikuwa analia alipokuwa akisema hayo. Alimpenda yule mzee kuliko nilivyompenda mimi wakati ule.

Mimi niliona upumbavu mtupu. Nilimsukuma, nikang'oa gunia, nikamshika Mzee kwapani, nikamburuta hadi uwanjani penye hewa na mwanga, jinsi tulivyofunzwa shuleni kuhusu huduma ya kwanza. Alikuwa kama alivyozaliwa. Na kwa yale mayowe ya Rispa, uwanja ulikuwa umeshaanza kujaa: majirani, wake zao, watoto, na wajukuu wake mwenyewe. Nikaanza kuamuru. Wewe lete maji, wewe kimbilia pikapu, ninyi sogeeni. Nilijiona mtu siku hiyo. Ikapita muda kabla ya mama mmoja wa jirani kuvua leso yake na kumtupia.

Mzee alikuwa na fahamu zake zote. Alinitazama, akafumba macho. Mguu ulikuwa umevunjika, unaonekana wazi kwamba umevunjika, lakini mkono wake haukwenda kwenye mguu. Ulikwenda usoni, akajifunika uso. Niliuona mkono ule na sikuuwazia chochote.

Hospitalini walisema tulifanya vizuri kutomwacha kwenye maji baridi. Habari zikaenea, nikasifiwa kanisani, na mume wangu alitembea kifua mbele. Rispa akachekwa. Watu walisema alimlinda mkwe wake asiokolewe. Sikumtetea.

Mzee alirudi na fimbo. Na hapo ndipo nyumba ilipoanza kuharibika, polepole, bila mtu kugombana na mtu. Hakuja tena upande wetu. Jioni hakukaa nje kutazama shamba. Chakula kilichotoka jikoni kwangu kilirudi kama kilivyokwenda, na baadaye cha Rispa pia. Akawa anakula anachopika Mama Rasoa tu, na hata hicho ni vijiko vichache. Bafuni hakwenda. Alijifuta kwa kitambaa chumbani, mlango umefungwa. Tulimwona anakonda.

Kisha siku moja Mama Rasoa akawaambia wanawe kwamba baba yao anataka kurudi Maragoli, akakae kwa dada yake. Wanawe wakaenda kumwuliza amekosewa nini. Hakusema lolote ila kwamba Lugari kuna baridi. Baridi hiyo ameishi nayo tangu ujana wake! Maragoli hakuwa na hata mahali pa kupanda mchicha, na kwa mguu ule na mwili ule sote tulijua kwamba anakwenda huko kufa. Mama Rasoa angebaki na ng'ombe na shamba au angemfuata, vyovyote nyumba ilikuwa inavunjika uzeeni. Niliogopa. Na nisikufiche, nilikasirika pia. Nimemwokoa, sasa anataka nini tena?

Mama Rasoa alituita mimi na Rispa jikoni kwake alasiri moja. Alikuwa anachagua maharagwe ya mbegu, akampa kila mmoja wetu ungo wake, nasi tukachagua pamoja naye. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa kuwa mimi Kimaragoli changu kilikuwa cha kuokoteza, alizungumza Kiswahili.

"Rispa," akasema, "mke wa mtoto hamgusangi baba mkwe. Hiyo mila ni ya nini?"

Rispa akajibu kwamba ni mila tu, waliwakuta wazee wakifanya hivyo.

"Najua ni mila. Inachunga nini?"

Rispa aliinamia ungo wake. Mama Rasoa akanigeukia mimi. "Na wewe uliyeivunja, Selina, ulivunja nini?"

Mimi jibu nilikuwa nalo tayari, nimelibeba siku nyingi. Nikamwambia nilivunja desturi nikaokoa mtu, na kwamba hata Waswahili wamesema mficha uchi hazai. Nilidhani nimemaliza maneno.

Hakukasirika. Alitupa punje mbovu kando, akasema, "Hiyo methali naijua. Ni ya mtu kujifunua mwenyewe kwa mkunga, ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Haisemi mtu avutwe nje na mwingine, majirani wamwone." Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. "Mguu wake uliufikisha hospitali, na Mungu akubariki kwa huo mguu. Lakini mzee mwenyewe bado amelala hapo uwanjani, na wajukuu wanamwangalia. Hajaondoka hapo tangu siku ile."

Akatueleza taratibu jinsi yeye alivyoolewa. Nyumba ilikuwa moja ya mviringo, moto mmoja, ndama upande huu na watu upande ule, na wana wakioa hawakuwa na mahali pa kwenda mpaka wajenge. Mwanamume ataoga wapi? Bibi harusi atabadilisha nguo wapi? Ukuta hakuna. Basi watu wakawekeana ukuta kwa macho na kwa miguu: huyu anakohoa, huyu anageuka, huyu anapisha. Ndiyo ile haya tunayoiita tsisoni. Si kwamba ngozi ya baba mkwe ina sumu, wala si kwamba mke wa mtoto ni mchafu. Ni kwamba kila mtu, hata aliye maskini wa nafasi, apate mahali pa kujisitiri.

"Sasa mtu ameanguka," akasema, "ule ukuta wake hawezi kuushika mwenyewe. Basi wewe unakuwa ukuta."

Akasema Rispa angesimama njiani akawarudisha watoto. Mimi ningeingia kinyumenyume na leso mkononi, nikamfunika kwanza, nikamwambia, Baba, ni mimi, nimekufunika. Halafu ningemshika popote pa kushikika, nikambeba. "Na hapo," Mama Rasoa akasema, "mngekuwa hamjavunja kitu chochote."

Mwanangu, nilikuwa nimekemewa mara nyingi maishani, na aibu ya kukemewa naijua. Hii haikuwa hiyo. Kwa mara ya kwanza niliiona siku ile kwa macho ya yule mzee aliyelala chini akitazamwa. Niliukumbuka mkono wake ukienda usoni. Nikasimama niende nikamwombe msamaha papo hapo.

Mama Rasoa akanivuta sketi. "Kaa. Utamwambia nini? Utaitaja ile siku? Ukiitaja, umemvuta nje mara ya pili."

Nikakaa. Tukamaliza mbegu, akatupatia chai, hakutuambia la kufanya. Nilitamani atuambie. Ingekuwa rahisi kuwa na jambo la kukariri.

Kesho yake nilipotoka nje nilimkuta Rispa tayari anang'oa miti ya lile bafu la magunia. Hatukuwa tumezungumza. Nikamshika upande wa pili. Mume wangu alikata mikaratusi akachimba mashimo, sisi tukafunga fito, tukakanyaga udongo kwa miguu, tukakandika kuta nje na ndani mpaka juu ya kichwa cha mtu mrefu. Mlango niliukata mwenyewe kwa bati, maana kwa baba yangu nilikuwa nimeona mengi, na tukauelekeza nyuma ya nyumba ya Mzee, sio uwanjani. Ndani tukaweka mti wa kujishikilia. Sakafu tukaiparuza isiteleze. Watoto wakija kuchungulia, Rispa aliwafukuza. Jirani mmoja akaniuliza imekuwaje tunajenga bafu kama benki, nikamwambia magunia yalikuwa yameoza. Nikaishia hapo. Kwa mtu wa mdomo kama wangu, kuishia hapo kulikuwa kazi kuliko kukanyaga udongo.

Muda wote huo Mzee alikuwa chumbani akisikia. Hatukumwambia kitu, hatukumwonyesha kitu. Siku kadhaa zikapita. Asubuhi moja nikaona maji yanatoka kwenye mfereji wa bafu, nikageuza uso haraka kana kwamba nimemwona mwenyewe. Lakini chakula kiliendelea kurudi, na yale mazungumzo ya Maragoli yalikuwa bado hayajafutwa. Mume wangu alikuwa ameshauliza nafasi ya gari.

Ndipo ikawa asubuhi moja niko jikoni nakoroga uji, kichwa wazi, nikasikia kwenye ua mtu anakohoa.

Niliacha mwiko ndani ya sufuria. Kikohozi kikaja tena, kikavu, cha mtu asiye na mafua. Nikafunga leso kichwani, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikasimama nyuma ya jiko kama sheria inavyotaka. Huko nikalia, leso nimeiuma kwa meno nisisikike. Kile kikohozi nilichokiigiza kitandani nikacheka, sikuwahi kusikia sauti tamu kama hiyo.

Alipita polepole na fimbo yake mpaka penye mahindi machanga ya msimu mpya. Akauliza, "Hapa kuna watu?"

"Tupo, Baba," Rispa akasema kutoka mlangoni kwake.

"Tupo, Baba," nami nikasema nyuma ya jiko.

Sasa unakumbuka kwamba baba mkwe haombi chakula kwa wake za wanawe. Basi yeye aliyaambia mahindi. Aliyaambia mahindi kwamba ana hamu ya obusuma, ugali wa moto, na mboga ya mrenda anayoipika yule wa Nakuru, kwa sababu mrenda wa nyumbani kwake siku hizi umezidi chumvi. Kisha akarudi alikotoka. Mchana ule sahani ilirudi tupu. Habari za Maragoli hazikutajwa tena, na Mzee Kisia aliishi miaka mingi baadaye, akazikwa palepale Lumakanda, mahali anapoweza kuyaona mahindi yake. Mkono sikumpa hata siku moja, na hatukupungukiwa na kitu.

Rispa nilimwomba msamaha kwa kutomtetea. Huyo angeweza kuombwa. Aliniambia nilete kwanza ungo wake nilioazima.

Sasa nakuambia neno langu, mwanangu. Mila ulizonitajia jana ni za kweli zote, na shangazi zako hawakukosea. Lakini mimi na Rispa tulizijua vilevile, neno kwa neno. Yeye aliishika mila na mtu akaachwa chini, mimi nikaitupa na mtu akaachwa uchi, na sote wawili hatukuwa tunaielewa. Elimu bila amali ni kama nta bila asali, wamesema wazee, nami nimeona kwamba hata amali haitoshi, kama mtu hajui anachokifanya kinamlinda nani. Ukifundishwa jambo, iwe mila au aya ya kanisani au somo la darasani, usitosheke na kuweza kulisema. Uliza linachunga nini. Wakikuambia ndivyo tunafanyanga, usiwacheke, na usiache kuuliza. Kaa uangalie, kwa kawaida utaona.

Huko uendako kuta ni za matofali na bafu zina kufuli, na mila nyingine huenda zimekwisha kazi. Ukifika wakati wa kuacha moja, iache. Ila kwanza ujue ilikuwa imemfunika nani, ili usiiondoe akiwa bado chini yake. Na itafika siku ambayo hakuna shangazi aliyeitaja. Siku hiyo ulivyovikariri havitakusaidia, utasaidiwa na kile ulichoelewa.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe wakwe wenye subira na jiko lisilozimika. Boma lako lisikose mtu wa kukohoa kwenye ua, na siku asipokohoa, uwe wa kwanza kutambua kwamba kumekuwa kimya.